Kichina cha Salamu Hakitoshi

Mtu anayefika Lumuma, katika milima ya magharibi ya wilaya ya Kilosa karibu na mpaka wa Mpwapwa, hulakiwa na mashamba ya vitunguu. Bonde hilo hulimwa kwa maji ya mifereji, na mavuno yake husafirishwa hadi masoko ya mbali. Pengine msomaji hakutazamia kwamba tungeanzia huko katika kuzungumzia masomo ya shahada ya uzamili katika lugha na utamaduni wa Asia ya Mashariki. Hata hivyo tumeanzia huko kwa makusudi, kwa kuwa tunaamini kwamba jambo hili linamhusu mkulima wa Lumuma kama linavyomhusu mwanachuo wa Dar es Salaam.

Tukitazame kitunguu chenyewe. Uchina ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuvuna vitunguu maji. Huko Japani, kisiwa cha Awaji kina sifa kubwa kwa zao hilo, na wakulima wake wana desturi ya kuvifunga vitunguu mafungu mafungu na kuvitundika katika vibanda vilivyo wazi pande zote, upepo upite vikauke, vipate kuuzwa baadaye. Mkulima wetu, kwa upande wake, mara nyingi hulazimika kuuza siku zile zile za mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kwa sababu kitunguu kisichohifadhiwa vizuri huoza. Maarifa ya kukihifadhi yamekwisha kuandikwa kwa wingi, lakini sehemu kubwa imeandikwa kwa Kijapani, Kichina na Kikorea. Ni nani miongoni mwetu awezaye kuyasoma na kuyaleta Lumuma kwa Kiswahili kinachoeleweka?

Wala Asia ya Mashariki si ngeni tena katika wilaya ya Kilosa. Shamba la mkonge la Rudewa lilichukuliwa na kampuni ya Kichina mnamo mwaka 2000 hivi. Mwaka 2011 wataalamu kutoka Uchina walianzisha kituo cha mafunzo katika kijiji cha Peapea, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kimefanya kazi na wakulima kuhusu namna ya kuongeza mavuno ya mahindi kwa kupanda kwa mistari, kupima nafasi na kupalilia kwa wakati. Wataalamu hao wameandika kwa lugha yao juu ya waliyoyaona. Maisha ya vijiji vyetu yamo katika maandishi ambayo wenye vijiji hawawezi kuyasoma, wala kusema hapa mmetuelewa vyema, hapa mmekosea.

Hatusemi hayo kwa kulaumu. Wenzetu hao walifanya jambo la busara: walijifunza lugha yetu kabla sisi hatujafikiria kujifunza yao. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1961 redio ya huko ilianza kututangazia kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili, na huko Seoul kimo chuo kikuu cha lugha za kigeni kinachokifundisha pia. Taasisi moja ya Tokyo inayochunguza lugha za Asia na Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilichapisha kitabu cha msamiati wa Kipare mwaka 1989 na cha Kisandawe mwaka 1993. Mjapani aliketi na wazee wa Upare na Usandawe, akaandika neno baada ya neno. Tunajiuliza ni Watanzania wangapi waliokwenda kuketi na wazee wa Awaji kwa kazi ya namna hiyo.

Haki nayo isemwe: hatukulala kabisa. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusoma mambo ya reli. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana wengi wamejifunza Kichina humo. Wapo pia Watanzania waliosomea udaktari na uhandisi huko Asia, baada ya kufundishwa lugha kwanza ili waweze kufuata masomo yao. Hayo yote ni mema. Lakini kwa wengi wao lugha ilikuwa chombo cha kuvukia tu. Waliobaki nayo hadi kuyachimba maandishi, historia, sheria na desturi za watu wenyewe ni wachache mno.

Wakazi wa Kilosa wanao mfano mzuri wa jambo hili karibu na kwao. Tawi la reli ya kati litokalo Kilosa na kupita Mikumi hufika Kidatu, mahali inapopita reli ya TAZARA. Reli ya kwanza ina upana wa milimita 1,000, na ya pili milimita 1,067. Tofauti hiyo haifikii upana wa kiganja, lakini inatosha kabisa kulizuia behewa la reli moja lisipite juu ya nyingine. Ndiyo sababu ikabidi pajengwe hapo Kidatu mahali pa kuhamishia mizigo. Lugha nazo ndivyo zilivyo. Mataifa mawili yanaweza kupendana kwa miaka sitini, lakini mzigo wa maana hauvuki wenyewe. Lazima awepo mtu anayeijua njia ya huku na njia ya kule, aushushe na kuupakia bila kuuvunja. Kwetu mara nyingi mzigo huo hupitishwa kwanza katika Kiingereza, ukashushwa mara mbili badala ya mara moja, na kila ushushwapo hupungua.

Mtu wa kazi hiyo hapatikani kwa mafunzo ya miezi sita. Mtihani wa kupima Kijapani una ngazi tano, na aliyefika ngazi ya juu ndiyo kwanza ameufikia mlango wa utafiti. Katika orodha rasmi ya maandishi ya Kichina iliyotolewa mwaka 2013 mna alama 8,105, nazo 3,500 kati yake ni za daraja la kwanza. Anayesomea uzamili katika fani hii hudaiwa kusoma maandishi ya asili mwenyewe, na mara nyingi hudaiwa pia Kichina cha kale, na hata lugha ya pili ya eneo hilo. Si mapambo hayo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika makao ya mfalme wa Uchina, na habari zake zimehifadhiwa katika kumbukumbu za Kichina cha zama hizo. Kipande hicho cha historia ya pwani yetu hakitasomwa na mjukuu wa pwani mpaka awepo Mswahili aliyeisomea lugha ile hadi kina chake.

Wako watakaotuuliza: nchi ambayo ingali inahitaji madaktari na walimu wa hisabati, inawezaje kumpeleka kijana kusoma mashairi ya Kijapani? Swali hilo ni la haki, na tunalijibu hivi. Mwezi wa Septemba mwaka 2024, mjini Beijing, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na Uchina. Mapatano ya namna hiyo hugusa ardhi, ajira na madeni ya watoto wetu. Taifa linaloketi mezani likimtegemea mkalimani wa upande wa pili peke yake, limeketi nusu. Hatuhitaji maelfu ya wataalamu wa lugha hizi. Tunahitaji wachache, lakini wawe wamebobea kweli kweli, wanaoweza kusoma mkataba, sheria na gazeti la wenzetu, na wakatambua pia kile ambacho mwenzetu hakukisema kwa sababu adabu ya kwao haimruhusu kukisema. Hayo ya mwisho hujifunzwa katika mashairi, hadithi na mila.

Kwa hiyo tuna machache ya kupendekeza. Vijana wanaopata nafasi za masomo zinazotolewa na serikali za Uchina, Japani na Korea wasiyadharau masomo ya lugha na utamaduni kana kwamba ni ya waliokosa pengine. Vyuo vyetu vikuu viwaandalie waliohitimu kazi ya kufundisha, kutafsiri na kutafiti, wasije wakaishia kuwa madalali wa maduka ya Kariakoo. Na kila tafsiri iwezekanayo itoke katika lugha yenyewe moja kwa moja kuingia katika Kiswahili, kwani mkulima wa Lumuma hataki kitabu cha vitunguu kwa Kiingereza.

Jambo la mwisho tunalielekeza kwa watafiti wote, wageni na wenyeji. Kila anayekwenda kijijini kuuliza watu habari zao, na akapata shahada kwa majibu yao, aache muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji hicho. Gharama yake ni kurasa chache tu, na heshima inayopatikana ni kubwa. Kijana wa Kilosa atakayeusoma muhtasari huo huenda akatamani kuisoma kazi nzima katika lugha iliyoandikiwa, na hamu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu awe mwanazuoni.

Wazee wetu wa pwani walizoea kusema kwamba elimu na itafutwe hata Uchina. Waliposema hivyo Uchina ilikuwa mwisho wa dunia. Leo Uchina imefika Rudewa na Peapea, imelima na sisi, imekula ugali na sisi, na imejifunza kutuamkia kwa lugha yetu. Kuijibu kwa salamu tu ni uungwana. Kuijua kwa kina ni wajibu wetu, na wajibu huo hakuna mgeni atakayetufanyia.