Kabla Hujanunua Skrini Nyengine

Hazipiti wiki mbili bila ya mimi kuletewa skrini iliyoambiwa imekufa, nami nikaikuta hai. Mara ni monita ya duka la kupiga chapa, mara ni projekta ya madrasa ambayo wazazi wameshaanza kuchangishwa kununua badali yake. Mtu ameona weusi, akaambiwa imekwisha, akaamini.

Picha inapokosekana, washukiwa ni watatu: kompyuta inayoitoa, waya unaoibeba na skrini inayoionyesha. Kazi ni kuwatenganisha. Chomoa waya wa picha nyuma ya monita, uache ule wa stima, kisha uiwashe. Ikiandika kwamba haipokei chochote, basi aghalabu yenyewe ni nzima, na mkosaji umtafute kwenye waya au kwenye kompyuta. Azima waya wa jirani ujaribu. Hapo hujatoa hata shilingi.

Sisi wa Pwani, mimi huushuku waya kwanza. Upepo wa bahari una chumvi na unyevunyevu, na zile pini za madini zinashika kutu upesi. Nyaya za zamani za VGA, zenye pini 15, zinapitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake. Njia ya buluu ikikatika, nyeupe yote hugeuka manjano. Ikikatika ya nyekundu, unapata samawati. Ya kijani, zambarau ya kuelekea waridi. Kwa hivyo mtu akinipigia simu kwamba skrini yake imekuwa manjano, humwambia achomoe waya, atazame kama kuna pini iliyopinda, aurudishe na akaze zile skrubu mbili za pembeni kabla hajavuka feri kunifuata.

Kitaa cha monita kinawaka lakini hakuna picha? Zima taa za chumba, ulimulike hilo bango la skrini kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona picha hafifu kama kivuli, picha ipo. Kilichozimika ni taa za nyuma yake. Nayo ile inayowaka sekunde mbili kisha ikazima, mara nyingi ni taa hizo hizo, au ni kapasita zilizovimba kwenye bodi ya stima. Kapasita ni kitu cha bei ndogo, na fundi anayejua kuchomelea huibadilisha. Lakini anayesoma hapa asikimbilie bisibisi: stima yetu ni ya volti 240, na ndani ya ile bodi kapasita kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Skrini iliyopasuka ikatoka doa jeusi kama wino, hiyo sikufichi, kioo chake hukaribia bei ya monita nzima.

Projekta ina visa vyake. Kisa kikubwa si ubovu hata kidogo: laptopu haijaambiwa itoe picha nje. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ionekane pande zote mbili, kisha kwenye rimoti ya projekta chagua tundu ulilochomeka waya. Nimeona hafla nzima ikingoja kwa jambo hilo.

Ikiwaka dakika kumi na kuzima, ni joto. Fungua kichujio cha hewa, utoe vumbi kwa brashi laini, na usiisukume ukutani wala kuitandikia kitambaa chini ikaziba matundu yake. Madarasa yetu yana madirisha wazi na nje ni mchanga, kwa hivyo kichujio cha kusafishwa mara moja kwa mwaka hakitoshi. Vidoti vyeupe vilivyotapakaa kwenye picha ni jambo jengine: katika projekta za DLP, vile vioo vidogo mno vya ndani vimeanza kukwama, na kipande hicho ni ghali.

Picha ikififia na kuchakaa rangi, tazama saa za taa kwenye menyu. Taa nyingi za kawaida huhimili saa elfu chache tu. Ukizima, usivute waya wa stima mpaka feni inyamaze, kwani taa yenye moto hupasuka. Nyingi zina zebaki ndani. Ikipasuka, watoe watoto nje, fungua madirisha, na vipande visiokotwe kwa mkono mtupu.