Mahindi yapo, sahani ya mtoto bado ina pengo

KAPALAMSENGA, Katavi – Mfanyabiashara wa nafaka anayetoka Mpanda kuelekea Ziwa Tanganyika huijua Kapalamsenga kwa mahindi na kwa machimbo ya shaba. Jambo asiloliona kwa urahisi wakati akipakia magunia ni kwamba mikoa inayolisha wengine ina watoto wengi waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katavi ilikuwa na takriban asilimia 32, na jirani yake Rukwa, ghala la mahindi la miaka mingi, ilikaribia asilimia 50.

Sababu si ukosefu wa mahindi. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mtupu humjaza kabla hajapata protini, mafuta na madini ya kumkuza. Wakati wa palizi mama hushinda shambani na mtoto huachiwa dada yake, akala mara mbili badala ya mara nne. Aidha, kaya nyingi huuza mavuno mapema ili kulipa madeni, kisha ifikapo Februari hununua kwa debe mahindi ya aina ile ile kwa bei ya juu.

Tanzania imekwisha kuona dawa yake. Mwaka 1983 mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulianza katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa. Wanakijiji wenyewe walipima uzito wa watoto, wakajadili matokeo kwenye kikao na kuamua la kufanya: wengine walianzisha vituo vya kulishia watoto, wengine mashamba ya pamoja. Katika miaka michache watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Mtindo huo ndio uliorithiwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Watoto hupimwa, mkono hupimwa kwa utepe wa rangi, na akina mama hupika pamoja kwa vyakula walivyochanga: huyu karanga, yule mayai, mwingine matembele. Halmashauri nazo zimetakiwa kutenga Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, chini ya mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walianza kuisaini mwaka 2017. Kwa bei ya Sh 700 kwa kilo, ambayo serikali iliitangaza Julai 2024 kwa mahindi yanayonunuliwa na NFRA, fedha hiyo haifikishi hata kilo moja na nusu. Mzigo mkubwa basi hubebwa na michango ya wananchi, na hapo ndipo biashara inapoingia.

Chukua mfano wa shule ya wanafunzi 500 inayopika chakula cha mchana kwa mchango wa wazazi. Ikitumia gramu 150 za unga na gramu 30 za maharage kwa mtoto, kwa siku 194 za masomo itahitaji takriban magunia 145 ya kilo mia ya unga na magunia 29 ya maharage. Huyo ni mnunuzi wa uhakika kuliko walanguzi wengi. Mzazi wa mtoto mmoja hutakiwa kutoa kama kilo 29 za nafaka na kilo sita za maharage. Mahindi si shida sana. Maharage ndiyo yanayokwama, na mwenye kuyaleta kwa bei ya jumla atasikilizwa na kamati ya shule.

Hata hivyo, chakula cha shule humfikia mtoto akiwa amechelewa. Kudumaa hutokea tangu mimba hadi umri wa miaka miwili, kwa hiyo soko la pili ni la nyumbani: karanga, maharage, mayai na dagaa wa Ikola na Karema. Dagaa wana msimu na wana sheria. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mchuuzi asiyekuwa na akiba alikaa mikono mitupu.

Karanga na mahindi yana hatari yake: sumukuvu. Mwaka 2016 watu zaidi ya 10 walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumu hiyo. Mzigo wa watoto ukaushwe vizuri, usimwagwe chini, na punje zilizovunjika au zenye ukungu zitolewe. Wataalamu wa lishe hushauri pia karanga zisagwe peke yake na kutiwa katika uji unapopikwa, badala ya kuchanganywa na unga na kukaa dukani.

Suala linalobaki ni tarehe. Wanunuzi wakubwa hufika na fedha taslimu mara baada ya mavuno, wakati mwingine wakidai lumbesa. Kamati inayokusanya michango wakati huo huo, kwa mizani, hupata magunia yake. Inayongoja Septemba hukuta maghala matupu, na hulazimika kununua kutoka kwa aliyewanunulia wazazi wale wale miezi miwili kabla.