Wakanda iko wapi hasa? Ramani zinapingana, lakini milima ni ya Rwenzori

Tangu filamu Black Panther ilipotoka mwezi wa pili 2018, kuna swali moja ambalo mashabiki wake hawajalimaliza: nchi ya Wakanda iko upande gani wa Afrika? Filamu zenyewe hazijibu waziwazi. Kila mara mtu anapodhani amepata jibu, filamu nyingine inatoka na kumvurugia hesabu. Kwa mkaaji wa Beni, Goma ao Bukavu, jambo hilo si mchezo mtupu, maana dalili nyingi zinaelekea karibu kabisa na nyumbani kwake.

Wakanda ni nchi ya kubuni. Ilizaliwa mwaka wa 1966 katika kitabu cha michoro cha Fantastic Four, namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby huko Marekani. Hao wawili hawakuhitaji ramani. Ilitosha kusema ni Afrika, kuna mfalme, kuna msitu, na chini ya udongo kuna chuma cha ajabu kinachoitwa vibranium. (Anayezungumza Kiswahili analisikia jina lenyewe kama jina la watu, sawa na Wanande ao Wabembe, si jina la nchi. Lakini hakuna ushahidi kwamba waandishi wale walifikiria Kiswahili.)

Shida ilianza wakati ramani zilipoonekana. Katika Captain America: Civil War, ya mwaka wa 2016, Wakanda inaonyeshwa kwa muda mfupi kwenye ramani, kaskazini mwa Ziwa Turkana, pale ambapo Ethiopia, Sudan Kusini, Uganda na Kenya zinakaribiana. Mashabiki walisimamisha picha, wakapiga mistari, wakafunga hesabu. Mwaka huohuo mwandishi Ta-Nehisi Coates alianza kuandika vitabu vipya vya Black Panther, na humo Wakanda iko kando ya Ziwa Victoria. Majirani zake ni nchi ambazo hazipo duniani: Mohannda, Canaan, Azania, Niganda. Ukiiweka ramani hiyo juu ya ramani ya kweli, nchi hizo za kubuni zinafunika sehemu kubwa ya mashariki ya Congo. Hakuna Kivu, hakuna Ituri.

Turkana haikubaliani na macho. Eneo lile ni kavu na lenye joto kali, lakini katika Black Panther tunaona msitu mzito, ukungu, na juu ya milima theluji, mahali ambapo M'Baku na watu wake wa kabila la Jabari wanakaa. Wako waliocheka: theluji kwenye ikweta? Mtu wa Mutwanga hacheki. Kwenye milima ya Rwenzori barafu iko, ingawa imepungua sana tangu karne iliyopita.

Na kwa kweli ni Rwenzori tunayoiona. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa studio, karibu na mji wa Atlanta huko Marekani. Lakini kwa mandhari ya nchi yenyewe, watengenezaji walipiga picha kutoka angani katika milima ya Rwenzori na msitu wa Bwindi, vyote upande wa Uganda, pia Zambia na Afrika Kusini. Maporomoko ya maji ambapo mfalme anapigania kiti chake yalisaidiwa na picha za Iguazu, kwenye mpaka wa Argentina na Brazil. Kwa hiyo mtu anayeruka juu ya Wakanda ndani ya chombo cha T'Challa anavuka mabara mawili ndani ya dakika chache bila kujua.

Kuna dalili nyingine ambayo mashabiki wa ng'ambo hawaipi uzito. Jabari ni watu wa milimani, na katika vitabu vya zamani M'Baku alikuwa mtu wa sokwe mkubwa, gorila. Basi, gorila wa milimani anaishi sehemu mbili tu duniani: Bwindi, na milima ya volkano ya Virunga ambayo Congo, Rwanda na Uganda zinagawana. Rwenzori yenyewe haina gorila, lakini haiko mbali. Anayetafuta nchi yenye theluji, msitu wa mvua na gorila wa milimani kwa pamoja hana pa kwenda pengine. Kwa dalili za ardhi peke yake, Wakanda iko hapa, kati ya maziwa yetu.

Ukisikiliza masikio badala ya macho, unapotea tena. Wakanda wanazungumza Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Turkana. Filamu haijaeleza sababu. Sababu ya nje ya filamu inajulikana: John Kani, mwigizaji mkubwa kutoka Port Elizabeth, alicheza mfalme T'Chaka katika Civil War, akaleta lugha ya mama yake, na Chadwick Boseman akajifunza maneno hayo ili baba na mwana wasikilizane. Mwongozaji Ryan Coogler alipopokea kazi, lugha ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani. Kisha jina la mji mkuu, Birnin Zana, linaanza kwa neno la Kihausa. Mablanketi ya walinzi wa mpaka ni ya Lesotho, nchi ambayo Coogler mwenyewe aliitaja kuwa mfano wake. Mavazi ya Dora Milaje yanakumbusha Wamasai, udongo mwekundu kwenye nywele ni wa Wahimba wa Namibia. Nao Jabari wanamtaja Hanuman, ambaye ni mungu wa Wahindi!

Hannah Beachler, aliyepanga mandhari, aliandika kitabu kizima cha karibu kurasa 500 kueleza historia na mitaa ya Wakanda, na kazi yake ilipata tuzo la Oscar mwaka wa 2019, sawa na mavazi ya Ruth Carter. Mtu aliyeandika kurasa zote hizo hakukosa kufikiri juu ya mahali. Nchi ilichanganywa kwa makusudi ili Mwafrika wa kila upande ajione humo. Ni uamuzi wenye uzuri wake, ila unaacha watu na kitendawili.

Kitendawili kigumu kuliko vyote kilikuja na maji. Katika Wakanda Forever, ya mwaka wa 2022, Namor na watu wake wa Talokan, wanaoishi chini ya bahari ya Atlantiki, wanatokea ndani ya Wakanda kupitia mto, kisha wanaufurikisha mji mkuu. Lakini Wakanda haina bahari. Walipita wapi? Kama nchi iko Turkana, haiwezekani: ziwa hilo linapokea mto Omo, na hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Kama iko Victoria, wangeingia Mediterania, wapande Nile yote, wapite ukuta wa Aswan na maporomoko ya Murchison. Njia ya tatu watu wetu wanaijua. Ziwa Kivu linamimina Ruzizi ndani ya Tanganyika. Tanganyika inatoka Kalemie kwa mto Lukuga. Lukuga inaingia Lualaba. Lualaba inakuwa mto Congo hadi Atlantiki. Kuna maporomoko makali kati ya Kinshasa na Matadi, lakini kwa watu waliozaliwa majini hilo si neno. Ni njia pekee inayoanza katika bahari ya Namor yenyewe na kufika kwenye maziwa haya. Filamu haikutamka hata jina moja la mito hiyo.

Filamu hizi haziogopi kutaja mahali pa kweli. Lagos imetajwa, Busan imetajwa, London, Vienna, msitu wa Sambisa huko Nigeria, Haiti pia. Ni majirani wa Wakanda peke yao ambao hawana majina. Huenda ni busara. Wakanda Forever ilipoonyesha askari mamluki wa Kifaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali, waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alijitokeza mwezi wa pili 2023 kulaani picha hizo. Kutaja jirani kuna bei yake.

Lakini kutomtaja pia kuna bei. Ugomvi mzima wa Black Panther unahusu majirani. Nakia anataka Wakanda ifungue milango kwa wanaoteseka nje. W'Kabi anakataa, anasema wakimbizi watakuja na matatizo yao. Killmonger anauliza Wakanda ilikuwa wapi wakati watu weusi walipoumizwa. Wakimbizi gani? Kutoka wapi? Ikiwa Wakanda iko nyuma ya Rwenzori, jibu lina majina: ni wale wanaovuka Kasindi na Bunagana wakiwa na magodoro kichwani. Ni vita vya 1996 na vya 1998, vilivyopita mlangoni pa mfalme wakati yeye amefunga pazia lake. Ni wachimbaji wa koltani na wa dhahabu, upande wa pili wa mpaka wa nchi ambayo madini yake hayajawahi kuguswa na mgeni. Hatia ya T'Chaka inakuwa kubwa mara kumi ikiwa na anwani. Bila anwani, mtazamaji wa Atlanta ao Paris anatoka ukumbini akiwa amehuzunikia Afrika yote kwa jumla, na hakuna mahali hata pamoja.

Wako wanaosema hadithi ni hadithi, iachwe. Hata hivyo mipaka ya hadithi inavuja. Mwezi wa kumi na mbili 2019, wizara ya kilimo ya Marekani ilikutwa imeiorodhesha Wakanda kati ya nchi inazofanya nazo biashara huria, pamoja na bata, punda na ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa majaribio ya kompyuta, ikafutwa.

Picha za Rwenzori zilipigwa kutoka Uganda. Lakini Margherita, kilele cha juu kabisa chenye mita 5,109, kiko juu ya mpaka wenyewe: mteremko wake mmoja unashuka Uganda, mwingine unashuka hadi mbuga ya Virunga, upande wa Mutwanga.