Aparei ya kazi na aparei ya roho

Wandugu, kolasio inakaribia na wadogo wamenianza tayari: « Mukubwa, niko na dola 300, ninunue aparei gani ya foto? » Mimi nauliza kwanza: utapiga nini, wapi, na saa ngapi? Wengine wanakasirika kidogo, sababu walishachagua. Waliona moja ku mkono wa mtu, roho ikaangukia pale. Nawaelewa. Mimi pia njo vile nilianza, na kosa langu lililipwa na mtu mwingine.

Kisha kutetea memwari, nilinunua Canon 600D ya okazyo. Muuzaji alikuwa na objektifu mbili. Moja ilikuwa 50 mm f/1.8, fupi, ya plastiki, haina hata zumu. Nyingine 75-300, ndefu kama mkono wa mtoto. Nilichukua ile ndefu. Tuseme ukweli: nilitaka ku barabara watu waseme « huyu ni mwandishi wa habari ».

Ile mwaka rafiki yangu alipata lisansi. Baba yake alitoka Shabunda na ndege hadi Bukavu juu ya ile siku moja tu. Mangaribi, kura ikakatika, wakawasha jenereta ndogo na taa tatu hivi. Mzee akamkumbatia mtoto wake ndani ya toga, akacheka. Nikapiga foto kumi na mbili. Zote zilitoka kama moshi. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Ya wao wawili wamesimama pamoja, rafiki yangu ana zile moshi tu. Hajanilaumu hata siku moja, na ile njo inanisumbua zaidi.

Ni nini ilitokea? Mule ndani ya aparei kuna dirisha la mwanga. Namba ya f inaonyesha linafunguka namna gani: namba ikiwa ndogo, dirisha ni kubwa. Ile 75-300 inaanza ku f/4, na ukivuta mbali inabaki f/5.6. Ile ya plastiki inafunguka hadi f/1.8, maana yake inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko f/5.6. Fanya hesabu: mahali ambapo ile ndefu inaomba 1/15 ya sekunde, ile fupi inatosheka na 1/150. Katika 1/15 mtu anayecheka amekwisha kusogea, na mkono wako pia unatetemeka. Ungeweza kupandisha ISO, ndiyo, lakini foto inajaa mchanga, na kwa giza kama ile haifiki mbali.

Sisemi ile fupi haina shida. Ku 600D, 50 mm inaona sawa na 80 mm, kwa hiyo ndani ya nyumba ndogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Ni shida ya miguu tu. Giza haitatuliwi na miguu.

Jambo lingine ambalo hakuna mtu anapenda kusikia: batri. Canon ilihesabu foto karibu 440 kwa batri moja ya 600D. Ndoa inayoanza asubuhi ku komini na kuisha usiku inapita hapo bila shida, na ku kwetu hauwezi kutegemea kwamba utapata kura ya kuchaji katikati. Batri ya pili mbele ya mfuko mzuri, tafadhali.

Lakini mapenzi si adui. Jean Depara, yule aliyepiga foto za usiku wa Kinshasa, alinunua Adox ndogo mwaka 1950 juu ya ndoa yake mwenyewe. Ilianza kama kitu cha roho, ikawa kazi. Na aparei uliyozoea, ambayo vidole vinajua kila kitufe gizani, inaweza kukufaa kuliko mpya ambayo ungali unasoma menyu yake wakati bibi arusi anapita. Mimi ninachokataa ni kununua sura.

Kwetu kuna Zenit ya baba, ya Urusi wa zamani, nzito kama tofali, yote ni chuma na springi; shata yake haiombi batri. Inaninginia ku msumari. Ndani mlibaki filme, kihesabio kimesimama ku 22. Sijaifungua, sababu mwanga ungeichoma, na sijapata mtu wa kuisafisha. Mtu mmoja alitaka kunipa dola 50. Nilikataa. Ile 75-300 niliuza bila kuangalia nyuma, nikaongeza kidogo, nikarudi kununua 50 mm.

Rafiki yangu anaoa mwezi wa 8. Ameomba mimi njo nipige. Nimekwisha kwenda kuangalia ukumbi, saa moja ya usiku, na taa zao zote zimewaka, kisha nikawaomba wazime nusu.