Kutoka Fort Jesus hadi Nyangores: Maji Huanzia Kwenye Msingi

Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Ilipigwa mizinga na kubadilisha mikono mara nyingi, lakini haikuanguka. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia. Tishio kubwa la miaka ya karibuni limekuwa mawimbi, ambayo yalikuwa yakila mwamba wa matumbawe uliobeba ngome hiyo. Ukuta wa kuzuia bahari ulilazimika kujengwa. Nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi, iliyosimama kwenye ncha ya mwamba, inakabiliwa na tatizo lilo hilo.

Silibwet iko mbali na bahari, lakini tuna Mto Nyangores, na kanuni ni moja.

Maji hayaanzi juu. Hupiga chini, yakachimba sehemu laini na kuacha pango. Juu panaonekana pazima, hata mahindi yanaendelea kumea. Siku uzito unapozidi, ukingo wote huporomoka kwa mara moja. Ndiyo maana mkulima hushangaa kupoteza hatua kadhaa za shamba kwa usiku mmoja wa mvua, na nguzo za daraja hubaki wazi bila udongo.

Udongo huo haupotei. Nyangores huungana na Amala kuwa Mto Mara, unaopita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Njiani matope hujaza mabwawa na kuongeza gharama ya kusafisha maji ya mfereji.

Tofauti ni kwamba ngome huhitaji zege na mawe makubwa, ilhali ukingo wa mto unaweza kulindwa na mizizi. Wakazi wanaombwa kuzingatia haya:

1. Usilime hadi kwenye maji. Kanuni za maji hutenga kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na upana wa mto.

2. Panda mianzi na miti ya kiasili kando ya mto. Nyasi ya nepia ipandwe juu kidogo, ambako pia utapata lishe ya ng'ombe. Blugamu isipandwe karibu na mto, kwani hunywa maji mengi na chini yake nyasi hazisitawi.

3. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja palipowekwa mawe. Kwato hulegeza ukingo.

4. Usichimbe mchanga wala mawe chini ya ukingo au karibu na daraja.

5. Mitaro ya barabara na ya mashamba ya chai isielekezwe moja kwa moja mtoni.

Ukiona ufa ukingoni au msingi wa daraja ukiwa wazi, mjulishe msimamizi wa wadi au chifu mapema. Kuziba pango dogo ni kazi ya siku chache, lakini kujenga daraja upya huchukua miaka ya bajeti.