Mashujaa chipukizi mezani: Kikosi hujengwa kwa mahusiano, si kwa nguvu za ajabu

WATU wanne wanapoketi mezani kubuni kikosi cha vijana wenye nguvu za ajabu, aghalabu swali la kwanza huwa hili: Nani ataruka angani, nani atavunja kuta na nani atasoma mawazo ya adui?

Ni swali la haki, lakini silo linalounda kikosi. Yanayoamua iwapo hadithi yao itadumu zaidi ya usiku mmoja ni maswali mengine. Vijana hawa walikutana vipi? Ni nani kati yao asiyeaminiwa na wenzake? Na ni mtu mzima yupi ambaye neno lake moja laweza kuwajenga au kuwavunja moyo?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika huchezwa kwa mdomo, karatasi, kalamu na dadu. Kila mchezaji hubuni mhusika mmoja na kunena kwa niaba yake. Mmoja wao, ambaye ndiye mwendeshaji, huigiza watu wengine wote katika hadithi, wakiwemo wazazi, walimu na maadui, kisha huwauliza wenzake watafanya nini. Pale ambapo matokeo hayawezi kutabirika, dadu hurushwa. Hakuna mshindi wala mshinde. Wote hutunga kisa kimoja kwa pamoja.

Mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ambao ni kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa nchini Marekani mwaka wa 1974. Michezo ya mashujaa wenye nguvu za ajabu haikukawia kufuata. Villains & Vigilantes ulitoka mwaka wa 1979 na Champions mwaka wa 1981.

Katika Champions, mchezaji hupewa pointi na kuzitumia kumnunulia mhusika wake uwezo anaoutaka, mithili ya mtu aliyekwenda sokoni na fedha mfukoni. Mtindo huo una faida yake, kwani hakuna anayepunjwa na karibu kila shujaa anayeweza kufikirika hupatikana. Hata hivyo, wachezaji wanne waweza kurejea kutoka sokoni humo na vikapu vilivyojaa, na bado wasiwe na sababu hata moja ya kuandamana.

Upungufu huo hujitokeza zaidi mashujaa wanapokuwa vijana. Katika vitabu vya katuni vya Marekani, kijana alianza akiwa msaidizi tu wa mtu mzima. Robin alijitokeza mwaka wa 1940 akiwa mfuasi wa Batman. Ilipofika mwaka wa 1962, Stan Lee na Steve Ditko walimleta Spider-Man, mwanafunzi ambaye hakuwa msaidizi wa yeyote. Mwaka uliofuata walikuja X-Men, kundi la wanafunzi na mwalimu wao. Mnamo 1964, Robin, Kid Flash na Aqualad walishirikiana katika kisa kimoja, na huo ukawa mwanzo wa kikosi cha Teen Titans.

Kikosi hicho kilipofufuliwa mwaka wa 1980 na Marv Wolfman pamoja na George Pérez, kilichowapa wahusika uhai hakikuwa mapigano pekee. Raven alimhofia baba yake. Cyborg alimlaumu wake kwa kumfanya nusu mtu, nusu mashine. Robin naye alitafuta njia ya kujinasua kutoka kivuli cha Batman. Kila mmoja alikuwa na mtu mzima aliyekwisha kumwamulia yeye ni nani.

Wazo hilo ndilo msingi wa mchezo uitwao Masks: A New Generation, uliobuniwa na Brendan Conway na kuchapishwa na kampuni ya Magpie Games mwaka wa 2016. Mandhari yake ni jiji la kubuni la Halcyon City, ambako vizazi kadhaa vya mashujaa vimekwisha kupita na vijana wa leo wanaishi chini ya majina makubwa ya waliowatangulia.

Katika mchezo huu, mchezaji haanzi kwa kuchagua nguvu, bali huanza kwa kuchagua tatizo. Kitabu chake cha msingi kina aina kumi za wahusika, na kila aina ni mzigo fulani wa ujana. Yupo Mrithi, ambaye amezaliwa katika ukoo wa mashujaa na hana ruhusa ya kushindwa. Yupo Mwanagenzi, aliyefunzwa na shujaa mkongwe na sasa hajui kama anataka kufanana naye. Yupo Janus, aliyepewa jina la mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili, ambaye huvaa barakoa usiku na mchana huwahi masomo, kazi na majukumu ya nyumbani.

Wengine ni Nova, mwenye uwezo mkubwa kuliko anavyoweza kuudhibiti. Mgeni, aliyetoka ulimwengu mwingine. Na Aliyegeuzwa, ambaye umbo lake limebadilika kiasi kwamba watu humkimbia barabarani. Wawili wanaweza kuwa na nguvu za moto na bado wasifanane hata kidogo, mradi mmoja ni Mrithi na mwingine ni Nova.

Fauka ya hayo, kila mhusika ana lebo tano: Hatari, Kioja, Mwokozi, Mbora na Kawaida. Lebo hizi hazipimi misuli wala akili. Hupima jinsi kijana anavyojiona, na kila moja huwa na alama kati ya -2 na +3. Anayejiona mwokozi huwa hodari wa kuwakinga wengine. Anayejiona hatari hupigana vyema zaidi. Anayejiona wa kawaida ndiye anayejua kumliwaza mwenzake.

Mchezaji anapojaribu jambo gumu, hurusha dadu mbili zenye pande sita na kujumlisha alama za lebo inayohusika. Akipata 10 au zaidi, hufaulu vizuri. Akipata 7 hadi 9, hufaulu lakini kuna gharama au upungufu. Akipata 6 au chini yake, mwendeshaji huleta balaa.

Sasa tazama jinsi neno linavyofanya kazi. Tuseme kijana mwenye +1 katika lebo ya Mwokozi anajaribu kumkinga mtoto dhidi ya ukuta unaoporomoka. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana kwa dadu mbili, 10 humwangusha. Lakini iwapo muda mfupi uliopita mlezi wake alimwambia kuwa yeye ni hatari kwa kila aliye karibu naye, lebo ya Hatari hupanda kwa alama moja na ile ya Mwokozi inaweza kushuka hadi 0. Matokeo yanayomwangusha huwa 15 kati ya 36.

Dadu ni zile zile na nguvu zake ni zile zile. Kilichobadilika ni kauli ya mtu mzima.

Kanuni za mchezo huu zinasema kuwa watu wazima wote huwa na ushawishi juu ya vijana tangu mwanzo. Kijana anaweza kuikataa kauli aliyopewa, ila sharti arushe dadu, na akishindwa maneno hayo humchoma zaidi. Wenzake wa rika moja nao hupata ushawishi juu yake kadiri anavyojali maoni yao. Hapo ndipo kazi ya kuunda kikosi huanzia.

Hatua ya kwanza ni kubuni pamoja tukio lililowakutanisha. Kila aina ya mhusika huja na swali moja kuhusu siku hiyo: Mliharibu nini mlipokuwa mkipigana? Mlivunja kanuni gani? Ni shujaa yupi mkongwe aliyevutiwa nanyi? Ni nani aliyewachukia tangu saa hiyo? Kila mchezaji hujibu lake, na majibu hayo yakiunganishwa huwa ndiyo historia ya kikosi.

Hatua ya pili ni mahusiano ya mtu na mtu. Kila mchezaji hutaja wenzake wawili na jambo linalomfunga kwa kila mmoja wao: siri wanayoitunza, kosa walilolifanya pamoja, wivu au mapenzi yasiyotamkwa. Hatua ya tatu ni kuamua ni maoni ya nani yanayomgusa nani.

Tuchukue mfano uliobuniwa kwa ajili ya makala haya. Kikosi kina Mrithi, Nova, Mgeni na Janus. Nova anaulizwa waliharibu nini siku ya kwanza, naye anajibu kuwa aliyeyusha nguzo za daraja kuu la jiji. Mrithi anaulizwa ni nani aliyewasifu, naye anajibu kuwa ni nyanya yake, shujaa aliyestaafu. Anaongeza kwamba baba yake, ambaye bado yu kazini, alimlaumu Nova mbele ya wanahabari.

Janus anafikiri kidogo, kisha anasema kuwa mama yake alikuwa akilitumia daraja hilo kila asubuhi kwenda kazini, na sasa analazimika kuondoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mama huyo hajui kuwa mwanawe alikuwepo. Mgeni naye, ambaye kwao madaraja huota kama miti, haelewi kwa nini kila mtu amekasirika.

Hapajatajwa adui hata mmoja, lakini kikosi tayari kina hadithi. Nova ana deni ambalo Janus hawezi kumdai bila kujifichua. Mrithi analazimika kuchagua kati ya baba na rafiki. Mwendeshaji akimleta baba huyo aseme neno moja tu mlangoni, watu wote wanne mezani wataketi wima.

Umoja wenyewe nao una hesabu yake. Kikosi kinapoingia vitani dhidi ya adui wa hatari, huwekewa alama za pamoja ambazo wachezaji huzitumia kusaidiana. Alama hizo huongezeka iwapo wote wana lengo moja, na hupungua iwapo yupo asiyemwamini kiongozi au wenzake. Kwa hivyo, ugomvi ambao haukusuluhishwa nyumbani huwafuata hadi uwanjani.

Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Mchezo huu hauwapingi, kwa kuwa hauhesabu mifupa kamwe. Mhusika aliyepigwa hapotezi damu wala pointi za uhai, bali hupatwa na mojawapo ya hali tano: woga, hasira, hatia, kukata tamaa au kutojiamini. Zikimjaa zote tano na akapigwa tena, hutoka vitani.

Aidha, njia za kuziondoa hali hizo ni zile ambazo mzazi au mwalimu yeyote atazitambua. Mwenye hasira huipunguza kwa kumuumiza mtu au kuvunja kitu cha thamani. Mwenye woga hukimbia jambo gumu. Asiyejiamini hukurupuka kufanya jambo la kijinga bila kuwashauri wenzake. Ipo pia njia ya upole: mwenzake akae naye, amsikilize na kumfariji.

Yapo makosa ambayo wanaoanza huyafanya mara kwa mara. La kwanza ni kubuni mhusika mpweke asiyemhitaji mtu. Mhusika kama huyo hupendeza kitabuni, lakini mezani huwaacha wenzake wakimbembeleza usiku kucha. Ukimtaka mkimya, basi mpe angalau mtu mmoja ambaye hawezi kumwacha.

Kosa la pili ni kuwafanya watu wazima wote kuwa wakatili au wapumbavu. Mzazi katili ni rahisi kumpuuza. Anayetikisa moyo ni yule ampendaye mwanawe, akamwona vibaya, na bado akawa na hoja. Kosa la tatu ni kuzigusa aibu na machungu ya ujana bila kukubaliana mipaka. Inafaa kila mmoja aseme mapema mambo asiyotaka yaingie mchezoni. Mwaka wa 2013, John Stavropoulos alibuni kadi yenye herufi X ambayo mchezaji yeyote anaweza kuigusa ili jambo fulani liondolewe, bila kudaiwa maelezo. Karatasi na kalamu zatosha kuitengeneza.

Si lazima hadithi iwe ya Marekani. Supa Team 4, mfululizo wa katuni uliobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kuanza kuonyeshwa na Netflix mwaka wa 2023, ni kisa cha wasichana wanne wa shule wanaolinda jiji la Lusaka la siku za usoni chini ya uongozi wa jasusi mstaafu. Anayetaka kikosi chake kiwe mtaani kwao anahitaji tu kujua ni akina nani ambao maneno yao huwa na uzito hapo: nyanya, mwalimu wa nidhamu, imamu au kasisi, dada mkubwa anayelipa karo.

Kisha awape watu hao sauti. Huenda hapo ndipo mchezaji aliye mzazi atakapojisikia akimwambia kijana wa kubuni maneno ambayo amekwisha kumwambia wa kumzaa, na kuiona alama ikifutwa kwenye karatasi papo hapo.

Kwa hivyo, mkiketi kubuni kikosi, anzeni na siku mliyokutana, mtu mliyemkosea na yule ambaye mngependa ajivunie nanyi. Ni nani ataruka angani mnaweza kuamua mwishoni, chai ikiwa inamalizika.