Kuzuru Wagonjwa na Vijidudu vya Hospitali

Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na twashukuru kwamba watu wetu hawajaiacha sunna hii. Mtu akilazwa asubuhi, alasiri wodi imejaa: shangazi, majirani, watoto wa chuoni. Kila mmoja humpa mkono mgonjwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, kisha akapita kumjulia hali na wa kitanda cha pili. Ni jambo la kheri. Lakini pana khabari ambayo twaona ni wajibu kuifikisha majumbani, nayo ni khabari ya maradhi ambayo mtu hakwenda nayo hospitali, bali aliyapata humo humo.

Kimoja katika vijidudu vya maradhi hayo huitwa Klebsiella. Mtu mwenye afya aweza kukaa nacho matumboni bila kudhurika. Kikiingia katika damu ya mtoto mchanga, au mapafu ya mzee aliyedhoofika, au kidonda cha aliyepasuliwa, huwa ni hatari kubwa.

Mwezi wa Juni mwaka 2011, katika hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani iliyoko Bethesda, aliletwa mgonjwa kutoka hospitali ya New York, naye ana Klebsiella isiyosikia takriban dawa zote. Madaktari walijua tangu mwanzo, wakamtenga. Mwezi wa Julai alitoka, wala hakuonekana mwingine aliyeambukizwa, watu wakashusha pumzi. Mwezi wa Agosti akatokea wa pili, kisha wa tatu, kisha kwa muda wakawa kama mmoja kila wiki. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2012, waliopatikana na kijidudu hicho walikuwa watu 18. Katika hao walikufa 11, na vifo 6 madaktari walivihesabu kuwa sababu yake ni kijidudu chenyewe.

Swali lilikuwa: je, ni kile kile cha mgonjwa wa kwanza, au kimeingia kingine kutoka nje? Chini ya hadubini vijidudu hivi hufanana kama punje za mchele. Basi wataalamu wakasoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani yake, ambayo kwa Klebsiella ni herufi kama milioni 6. Kijidudu hujigawa kikawa viwili, na kila kijigawapo hunakili maandishi yake yote. Mara chache mno herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na wana na wajukuu. Mfano wake ni kitabu kilichonakiliwa kwa mkono, kama walivyofanya wazee wa Lamu: mwandishi akikosa neno moja, kila nakala itakayotolewa katika nakala yake itakuwa na kosa lilo hilo, na mwenye kuzilinganisha atajua ipi imetoka kwa ipi.

Walipolinganisha, walikuta vijidudu vya wagonjwa wote vyapishana kwa herufi chache tu. Vyote vilikuwa ukoo mmoja, na mzizi wake ni yule mgonjwa wa kwanza. Zaidi ya hayo, vijidudu vya kooni mwake vilitofautiana kidogo na vya mapafuni mwake, na kwa tofauti hiyo ilijulikana kwamba vilimtoka si mara moja bali mara tatu. Wako waliovichukua muda mrefu pasipo dalili yoyote. Vilionekana katika matundu ya masinki, na hata katika mashine ya kupumulia ambayo ilikwisha safishwa. Na katika miezi hiyo michache, baadhi yake viligeuka visisikie hata kolistini, dawa kali ya zamani iliyowekwa kama akiba ya mwisho.

Hapa wataalamu hutumia neno mageuko, na twajua wako wasomaji wetu ambao wakilisikia hukunja uso. Mjadala wa asili ya mwanadamu una mahali pake. Linalosemwa hapa ni jambo lililosomwa herufi kwa herufi ndani ya hospitali moja. Dawa huua vijidudu dhaifu, na kile ambacho kosa la kunakili limekipa kinga hubaki kikazaana. Tena vijidudu hupeana. Kiko kipande kidogo cha maandishi kiitwacho plasmidi, ambacho kijidudu chaweza kukipa jirani yake, hata asiye wa jamii yake, nacho kimebeba ujuzi wa kuvunja dawa. Kinga ya Klebsiella ya Bethesda ilibebwa katika plasmidi kama hiyo. Nasi huku twanunua antibiotiki dukani kama peremende, vidonge vinne leo, na vilivyobaki humpa jirani.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya Marekani peke yake. Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti walisoma jenomu za Klebsiella zilizotoka kwa wagonjwa wa hospitali ya pale kwa muda wa miaka kama kumi, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2017. Hawakukuta ukoo mmoja, bali koo nyingi. Hapo kumtenga mgonjwa mmoja hakutoshi, maana milango ni mingi.

Je, tuache kuzuru? La hasha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliyehimiza kuwazuru wagonjwa, ndiye aliyekataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kwa walio wazima. Basi tunawe kwa sabuni kabla ya kumfikia mgonjwa na baada ya kumwacha. Wala mtu asiseme ana udhu: udhu wa adhuhuri hauusafishi mkono uliokwisha shika kitasa, noti na kiti cha basi. Tusiketi kitandani, tusiguse mipira ya dripu wala bendeji, tusipite kitanda hata kitanda tukipeana mikono. Mwenye homa au kidonda atume salamu. Na bakuli la uji tulilompelekea mgonjwa turudi nalo nyumbani lilivyo. Tusilioshe wala kumwaga mabaki katika sinki wanamonawa wauguzi.